Jackie Robinson na Marufuku Ambayo Haikuandikwa Popote

Mwezi Julai 1942, Kenesaw Mountain Landis, jaji wa zamani aliyekuwa kamishna wa besiboli ya kulipwa nchini Marekani, aliwatangazia waandishi wa habari kwamba hakuna kanuni yoyote, iwe ya maandishi au ya mdomo, inayozizuia klabu kusajili wachezaji weusi, na kwamba meneja yeyote akitaka kumsajili mmoja, au hata 25, yeye hana pingamizi. Kuhusu maandishi, mzee huyo hakudanganya. Ungepekua vitabu vyote vya kanuni za Ligi ya Taifa na Ligi ya Marekani, ambazo kwa pamoja ndizo ziitwazo Ligi Kuu, usingekuta sentensi hata moja inayomtaja mtu mweusi. Hata hivyo, siku aliyotoa tamko hilo ilikuwa imepita miaka 58 tangu mchezaji aliyefahamika wazi kuwa mweusi avae jezi ya timu ya Ligi Kuu.

Kisa cha Jackie Robinson, aliyeingia uwanjani na jezi ya Brooklyn Dodgers, klabu ya Ligi Kuu ya jijini New York, tarehe 15 Aprili 1947 na kuikatiza miaka hiyo ya kizuizi, mara nyingi husimuliwa kwa ufupi mno: palikuwa na ubaguzi, akatokea mzee mwenye moyo mwema, akamteua kijana jasiri, na ubaguzi ukaisha. Kila kipande cha simulizi hiyo kina chembe ya ukweli, lakini ukiviunga hivyo huwezi kueleza kwa nini klabu ya mwisho ilichukua miaka mingine 12 kufuata, wala kwa nini ushindi ule ule ulioshangiliwa katika mitaa ya Wamarekani Weusi uliziua klabu za Wamarekani Weusi wenyewe. Ili kulielewa jambo hili ni lazima kuanza na aina ya marufuku iliyokuwapo. Sheria iliyoandikwa yaweza kupingwa mahakamani, kupigiwa kura na kufutwa kwa siku moja. Makubaliano ya kimyakimya hayana karatasi ya kuchana wala mtu wa kumshika shati. Hudumu kwa muda wote ambao kila mhusika anaona kwamba kuyavunja kutamgharimu kuliko kuyaheshimu, na huanza kuoza siku mmoja wao anapopiga hesabu akapata jibu tofauti.

Si kwamba maandishi hayakuwahi kuwapo kabisa. Mwaka 1867 chama kilichosimamia besiboli ya ridhaa kilikataa waziwazi kuzipokea klabu zenye mtu mweusi hata mmoja. Chama hicho kilikufa miaka michache baadaye mchezo ulipogeuka kuwa biashara, na ligi za kulipwa zilizofuata hazikuirithi kanuni hiyo. Ndiyo maana mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, mwenyeji wa Ohio aliyesoma katika chuo cha Oberlin, aliweza kuwa mdakaji (anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira unaorushwa) wa Toledo Blue Stockings katika American Association, iliyohesabiwa kuwa ligi kuu wakati huo, na mdogo wake Weldy akacheza naye mechi chache. (Wapo watafiti wanaomtanguliza William Edward White, aliyezaliwa na mama mtumwa na kucheza mechi moja tu mwaka 1879, lakini White alihesabiwa kuwa mzungu, na mtu ambaye hakuna anayejua kwamba anapita kizuizini hajakivunja kizuizi.)

Mwaka mmoja kabla ya Walker kufika Ligi Kuu lilitokea jambo linaloonyesha vizuri jinsi kizuizi kilivyojengwa. Cap Anson, nahodha wa Chicago na nyota mkubwa kuliko wote wa zama zake, alifika Toledo kwa mechi ya kirafiki akaapa kwamba timu yake haitacheza na mtu mweusi. Uongozi wa Toledo ukamjibu kwamba asipocheza atakosa fungu lake la mapato ya mlangoni. Anson akacheza. Miaka minne baadaye mizani ilikuwa imegeuka: tarehe 14 Julai 1887 wakurugenzi wa Ligi ya Kimataifa, ligi ya daraja la chini ambako wachezaji weusi kadhaa walikuwa wanang'ara, walipiga kura ya kutotoa mikataba mipya kwa weusi, na siku hiyo hiyo klabu ya Newark ikamweka kando mrushaji wake mweusi George Stovey ili Chicago ya Anson ikubali kuingia uwanjani. Anson hakuwa na mamlaka ya kutunga kanuni. Alichokuwa nacho ni jina lililojaza viwanja, na wamiliki wa klabu waligundua kwamba ni rahisi zaidi kumridhisha yeye kuliko kumtetea Stovey. Ilipofika mwaka 1896, Mahakama Kuu ya Marekani ilipohalalisha utengano wa rangi katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, besiboli ilikuwa imekwisha kutangulia.

Wachezaji waliofungiwa mlango walijenga nyumba yao. Mwaka 1920 Rube Foster, mrushaji aliyekuja kuwa mmiliki wa klabu, aliwakutanisha wenzake mjini Kansas City wakaunda Ligi ya Taifa ya Weusi. Kutoka humo na katika ligi nyingine zilizofuata walitokea Satchel Paige, mrushaji ambaye watu walisafiri mbali kumtazama, na Josh Gibson, mdakaji aliyepiga mipira ya mbali ajabu. Ligi hizo zilikuwa na wamiliki weusi kwa sehemu kubwa, waandishi wao, waamuzi wao, na mashabiki waliokwenda uwanjani Jumapili wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Zilikuwa pia na kasoro: ratiba zilivurugika, mikataba haikuheshimiwa sana, na klabu nyingi hazikuwa na viwanja vyake, zikalazimika kuvikodi kutoka kwa zile zile klabu za wazungu zilizowakataa wachezaji wake. Jambo hili la kodi tulikumbuke, kwa kuwa tutalirudia.

Kufikia katikati ya miaka ya 1940, hesabu iliyoyashikilia makubaliano ilianza kuyumba kutoka pande kadhaa kwa mara moja. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imewapeleka vijana weusi kufa kwa jina la uhuru, na hoja kwamba mtu anayefaa kupigana Okinawa hafai kusimama katika uwanja wa besiboli ilizidi kuwa ngumu kutamkwa hadharani. Wendell Smith wa gazeti la Pittsburgh Courier na Sam Lacy wa Afro-American walikuwa wameandika kwa miaka mingi bila kuchoka, na gazeti la chama cha kikomunisti, Daily Worker, lilikuwa na mwandishi wa michezo, Lester Rodney, aliyeifanya hoja hii kuwa kampeni. Landis alifariki Novemba 1944, na mrithi wake, Happy Chandler wa Kentucky, akasema waziwazi kwamba hatawazuia weusi. Mwaka 1945 jimbo la New York, lenye klabu tatu za Ligi Kuu, lilipitisha sheria ya Ives-Quinn iliyokataza ubaguzi katika ajira. Kwa mara ya kwanza lile lisiloandikwa lilikutana na kitu kilichoandikwa.

Shinikizo peke yake, hata hivyo, halikutosha. Boston ni mfano mzuri. Diwani mmoja wa jiji hilo, Isadore Muchnick, alitishia kuzinyima klabu kibali cha kucheza Jumapili kama hazitawapa weusi nafasi ya majaribio, na tarehe 16 Aprili 1945 Wendell Smith akawapeleka wachezaji watatu katika uwanja wa Fenway Park mbele ya makocha wa Red Sox: Sam Jethroe, Marvin Williams na Jackie Robinson. Walipiga mipira, wakakimbia, wakajaza fomu, wakaambiwa watapigiwa simu. Hawakupigiwa. Klabu ilikuwa imetimiza sharti la kibali kwa gharama ya asubuhi moja, na huwezi kushtaki kwa kosa la simu ambayo haikulia. Red Sox ndiyo iliyokuja kuwa klabu ya mwisho kabisa kumchezesha mtu mweusi, mwaka 1959, wakati Robinson alikuwa ameshastaafu.

Mtu aliyepiga hesabu tofauti alikuwa Branch Rickey, rais wa Brooklyn Dodgers. Rickey alikuwa Mmethodisti mshika dini aliyekataa kwenda uwanjani siku ya Jumapili, na mwenyewe alisimulia mara nyingi jinsi, akiwa kocha wa chuo cha Ohio Wesleyan mwanzoni mwa karne, alivyomwona mchezaji wake mweusi Charles Thomas akilia kwa uchungu baada ya kukataliwa chumba hotelini. Sina sababu ya kutilia shaka kwamba kisa hicho kilimkaa moyoni. Lakini Rickey huyo huyo ndiye aliyebuni, akiwa St. Louis Cardinals, mfumo wa klabu kubwa kumiliki timu ndogo za kukuzia vipaji kwa bei nafuu, na mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuambiwa kwamba upande wa pili wa kizuizi palikuwa na wachezaji bora ambao hakuna mpinzani wake aliyekuwa akiwagombea. Wanaobishana kama alisukumwa na imani au na faida wanauliza swali ambalo yeye mwenyewe asingelielewa, kwa sababu kwake mambo hayo mawili yalikwenda njia moja. Ili asishtukiwe alitangaza kwamba anaanzisha timu ya weusi iitwayo Brown Dodgers, na kwa kisingizio hicho akawatuma watafuta vipaji wake kuwatazama wachezaji weusi bila mtu kuuliza maswali.

Kwa nini akamchagua Robinson? Hakuwa mchezaji bora kuliko wote katika ligi za weusi, na baadhi ya wakongwe walilisema hilo kwa uchungu. Jack Roosevelt Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 huko Cairo, Georgia, katika familia ya wakulima waliolima ardhi ya mwenye shamba kwa kugawana mavuno. Mwaka uliofuata mama yake, Mallie, aliyeachwa na mumewe, aliwapandisha treni watoto watano hadi Pasadena, California, akawalea kwa kazi za ndani. Kaka yake Mack alipata medali ya fedha ya mita 200 katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936 nyuma ya Jesse Owens, kisha akarudi nyumbani kufagia mitaa. Jackie mwenyewe aliingia chuo kikuu cha UCLA, akawa wa kwanza hapo kuwakilisha chuo katika michezo minne: mpira wa Kimarekani, kikapu, riadha na besiboli, na ajabu ni kwamba kati ya hiyo minne besiboli ndiyo iliyompa matokeo mabaya zaidi. Alikuwa amezoea kucheza na wazungu na dhidi yao, hakuwa mlevi, alikuwa amemchumbia Rachel Isum, mwanafunzi wa uuguzi, na alikuwa afisa wa jeshi.

Habari ya jeshi inahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa inaipindua picha ya Robinson mpole. Tarehe 6 Julai 1944, katika kambi ya Camp Hood, Texas, Luteni Robinson aliamriwa na dereva wa basi ahamie viti vya nyuma. Alikataa, akijua kwamba jeshi lilikuwa limekwisha kupiga marufuku utengano katika mabasi yake. Ugomvi uliofuata na maafisa wa kambi ulimfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi kwa mashtaka ya utovu wa nidhamu, na jopo la maafisa tisa likamwachia huru mwezi uliofuata. Rickey alizijua habari hizi. Kwa mtu mwingine zingekuwa sababu ya kumwepuka. Kwake zilikuwa ushahidi kwamba kijana huyu ana moto, na kwamba moto huo unaweza kusimama mbele ya waamuzi bila kuunguza nyumba.

Ndiyo maana mazungumzo yao ya kwanza, tarehe 28 Agosti 1945 katika ofisi za Dodgers huko Brooklyn, hayakuhusu sana besiboli. Robinson, ambaye wakati huo aliichezea Kansas City Monarchs kwa dola 400 kwa mwezi, alifika akidhani anaitwa kwa ajili ya ile timu ya Brown Dodgers. Rickey alimweleza nia yake halisi, kisha kwa muda mrefu akawa mwigizaji: mara ni karani wa hoteli anayemnyima chumba, mara ni mhudumu wa mgahawa anayemfukuza, mara ni mchezaji wa timu pinzani anayemjia na viatu vya njumu huku akimtusi yeye na mama yake. Robinson akauliza kama anatafutwa mtu mweusi anayeogopa kujibu mapigo. Rickey akamjibu kwamba anatafuta mwenye ujasiri wa kutosha wa kutojibu. Hoja yake ilikuwa ya kibiashara kama ilivyokuwa ya kidini: ugomvi mmoja tu uwanjani ungewapa wapinzani sababu waliyoingoja, na kwa kuwa marufuku haikuandikwa, haikuhitaji kikao ili irudi.

Robinson alipewa dola 3,500 za kusaini na mshahara wa dola 600 kwa mwezi, akapelekwa Montreal Royals, timu ya Dodgers ya daraja la chini nchini Kanada. Monarchs, waliokuwa naye, hawakulipwa hata senti. Rickey alidai kwamba ligi za weusi hazina mikataba ya kueleweka na kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kununua. Wamiliki wa Monarchs walilalamika, kisha wakanyamaza. Kupigania ada ya uhamisho kungewafanya waonekane ndio wanaomzuia mtu mweusi kupita.

Hapa inafaa kusema machache kuhusu mchezo wenyewe kwa msomaji aliyezoea soka. Mrushaji humtupia mpira mpigaji wa timu pinzani. Mpigaji akiupiga vizuri hukimbia kupitia vituo vitatu vilivyopangwa pembeni hadi arudi cha nne, kituo cha nyumbani, na hapo timu yake hupata pointi. Aliyekwisha kufika kituoni anaweza kuthubutu kukimbilia kinachofuata wakati mrushaji anajiandaa, na hilo huitwa kuiba kituo. Besiboli ya wazungu ya miaka hiyo ilikuwa imeegemea mapigo ya nguvu na kuusahau wizi huo. Ligi za weusi hazikuusahau.

Katika mechi yake ya kwanza kwa Montreal, tarehe 18 Aprili 1946 mjini Jersey City, tofauti hiyo ilionekana kwa macho. Robinson alipiga mapigo manne safi, yaani yaliyomfikisha kituoni, katika zamu tano, moja likivuka uzio na kuleta pointi tatu, akaiba vituo viwili. Lakini kilichowaacha watu midomo wazi kilitokea akiwa kituo cha tatu. Alikuwa akisogea hatua kadhaa kuelekea nyumbani, akisita, akirudi, akitisha tena kana kwamba anatoka, hadi mrushaji aliyekuwa ameanza mwendo wa kurusha akashikwa na kigugumizi cha mikono na kusimama katikati. Kanuni huhesabu kusita huko kuwa kosa, na adhabu yake ni mkimbiaji kupewa kituo kinachofuata. Robinson akatembea nyumbani na pointi bila mpira kuguswa na gongo. Baadaye katika mechi hiyo hiyo alimfanyia hivyo mrushaji mwingine. Montreal ilishinda 14 kwa 1, na mwisho wa msimu Robinson aliongoza ligi nzima kwa wastani wa upigaji wa 0.349, yaani karibu mapigo safi 35 kwa kila zamu 100.

Mafanikio hayo hayakuwalainisha wamiliki. Agosti 1946 kamati yao, ikiongozwa na Larry MacPhail wa New York Yankees, iliandaa ripoti ya siri yenye sehemu kuhusu suala la rangi, na naona waraka huo kuwa na thamani kubwa kwa sababu kwa mara moja kilichokuwa kikinong'onwa kiliandikwa. Ripoti ilionya kwamba mashabiki weusi wakizidi viwanjani, thamani ya baadhi ya klabu ingeweza kushuka. Ilieleza pia kwamba ligi za weusi zikiporomoka klabu kubwa zingepoteza kodi ya viwanja, na kwamba Yankees peke yao walikuwa wakiingiza karibu dola 100,000 kwa mwaka kutokana na mapato ya aina hiyo. Kwa maneno mengine, klabu zilizowafungia weusi mlango zilikuwa zikiwatoza ada kwa kusimama nje.

Kabla ya msimu wa 1947 uasi ulianzia nyumbani. Baadhi ya wachezaji wa Dodgers, wengi wao kutoka majimbo ya kusini, walianza kuzungusha waraka wa kumkataa Robinson wakiwa kambini Panama. Meneja Leo Durocher aliwaamsha usiku akawaambia, kwa lugha isiyofaa kurudiwa, kwamba huyu ndiye atakayewajazia mifuko na asiyemtaka atauzwa. Hakuhubiri usawa, aliwaonyesha hesabu. Durocher mwenyewe alifungiwa msimu mzima na kamishna kwa mambo mengine siku chache kabla ya ligi kuanza, hivyo hakuwapo tarehe 15 Aprili, Robinson mwenye miaka 28 aliposimama katika kituo cha kwanza uwanjani Ebbets Field mbele ya watu zaidi ya 25,000. Hakupata pigo safi siku hiyo, ila alifunga pointi moja na Brooklyn ikaifunga Boston Braves 5 kwa 3.

Wiki moja baadaye walikuja Philadelphia Phillies, na meneja wao Ben Chapman akaongoza matusi ya rangi kutoka benchi, matusi makali kiasi kwamba Robinson alikiri baadaye kuwa ndiyo siku aliyokaribia kuvunja ahadi yake kwa Rickey. Matokeo yakawa kinyume cha alichokusudia Chapman: wachezaji wenzake Robinson, ambao baadhi yao hawakuwa wamempenda, walianza kuwazomea Phillies. Agosti mwaka huo Enos Slaughter wa St. Louis alimkanyaga mguuni kwa viatu vya njumu katika kituo cha kwanza, mahali ambapo mlinzi hulazimika kuegemeza mguu kituoni huku macho yake yakiwa kwenye mpira. Tukio linalopendwa kusimuliwa zaidi, la nahodha Pee Wee Reese wa Kentucky kumwekea mkono begani mbele ya mashabiki waliokuwa wakizomea, limechongewa sanamu Brooklyn ingawa wanahistoria wanabishana hadi leo lilitokea mwaka gani. Urafiki wa watu hao wawili ulikuwa wa kweli; mahali na siku ya mkono ule tusiviapie.

Alimaliza msimu akiwa na wastani wa 0.297 na vituo 29 vya wizi, akatwaa tuzo ya Mchezaji Bora Mpya, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka huo. Dodgers walitwaa ubingwa wa Ligi ya Taifa na kuwaingiza watu zaidi ya milioni 1.8 katika uwanja wao mdogo. Hofu ya MacPhail kuhusu mapato ilikuwa imejibiwa langoni. Kuanzia 1949 Rickey alimfungulia mdomo, na mwaka huo Robinson, sasa akibishana na waamuzi na wapinzani kama mchezaji mwingine yeyote, alipiga kwa wastani wa 0.342 na kuchaguliwa Mchezaji Bora wa ligi. Magazeti kadhaa yaliyomsifu alipokuwa kimya yalianza kumwita mkorofi.

Huenda mtu akadhani kwamba klabu 16 zingekimbilia mara moja hazina hiyo. Cleveland ilimsajili Larry Doby Julai 1947, na mwaka uliofuata ikamleta Satchel Paige akiwa na miaka 42. Dodgers waliongeza Roy Campanella na Don Newcombe. Klabu hizo zilishinda. Hata hivyo Yankees, waliokuwa wakishinda bila weusi, walingoja hadi 1955, Phillies hadi 1957, Detroit hadi 1958. Zilizowapokea pia mara nyingi zilishika idadi ambayo haikuandikwa popote, na zilipendelea nyota kuliko wachezaji wa kawaida, kwa kuwa mzungu wa wastani bado alikuwa na nafasi benchi na mweusi wa wastani hakuwa nayo.

Bili ilikwenda kwa ligi za weusi. Mashabiki waligeuza macho kwa Robinson mara moja: Newark Eagles, mabingwa wa 1946, waliona mahudhurio yakishuka kutoka watu kama 120,000 mwaka huo hadi kama 57,000 mwaka uliofuata. Effa Manley, aliyeimiliki klabu hiyo pamoja na mumewe, ndiye aliyekataa kunyamaza. Alimdai Bill Veeck wa Cleveland malipo kwa ajili ya Doby akapata dola 15,000, huku akisema wazi kwamba angekuwa mzungu Veeck angetoa nyingi zaidi. Ligi ya Taifa ya Weusi ilivunjika baada ya msimu wa 1948. Wachezaji wachache walipanda, lakini mameneja, makatibu, waamuzi na wamiliki hawakupata pa kwenda, kwani Ligi Kuu ilikuwa imefungua mlango wa wachezaji tu. Meneja wa kwanza mweusi, Frank Robinson, aliajiriwa Cleveland kwa msimu wa 1975. Jackie alikuwa amelidai jambo hilo hadharani katika fainali za Oktoba 1972, siku tisa kabla ya kufariki akiwa na miaka 53, kisukari kikiwa kimemharibu macho na moyo.

Kati ya kustaafu kwake mwisho wa 1956 na kifo chake, Robinson alifanya kazi kama makamu wa rais wa kampuni ya kahawa ya Chock full o'Nuts, akawa mchangishaji mkubwa wa fedha za harakati za haki za kiraia, na akafanya jambo moja linalotugusa moja kwa moja Afrika Mashariki. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akitafuta nauli za kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani, Robinson, pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, aliweka sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachangie, na Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwanawe wa mwisho, David, alikuja kuhamia Tanzania katika miaka ya 1980 na kuanzisha kilimo cha kahawa katika nyanda za juu kusini, upande wa Mbeya.

Desemba 2020 Ligi Kuu ilitangaza kwamba ligi saba za weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 zilikuwa ligi kuu kwa haki yake, na Mei 2024 takwimu zake zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi. Josh Gibson, aliyefariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson kuvaa jezi ya Brooklyn, sasa ndiye mwenye wastani mkubwa kuliko wote wa upigaji, 0.372, akimpita Ty Cobb, mwenye rekodi wa awali. Uamuzi huo una tokeo ambalo wengi hawajalitazama vizuri. Msimu ambao Robinson aliichezea Kansas City Monarchs nao umehesabiwa, na mapigo yake ya huko yameongezwa kwenye jumla yake. Kwa mujibu wa vitabu vya Ligi Kuu yenyewe, basi, alikuwa mchezaji wa ligi kuu tangu 1945, kabla hajaingia katika ofisi ya Rickey. Na kilichotokea tarehe 15 Aprili 1947, siku ambayo kila mwaka wachezaji wote huvaa namba yake 42, ni mchezaji wa ligi kuu kuhamia klabu nyingine bila klabu yake ya awali kulipwa.